Akwariamu na watoto: msikimbilie papa kwanza

Juzi tulienda akwariamu mimi, mama mkwe na wanangu wawili, wa kike ana miaka 8 na wa kiume 4. Naandika sasa hivi nikiwa bado nakumbuka vizuri maana kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa kuniambia ukiwa na watoto wadogo inakuwaje, sikumpata.

Nimeipenda sana, naipa nyota nne. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya vibao vya maelezo, vimewekwa juu mno, maandishi madogo na kule ndani kuna giza, yaani mtoto anayejua kusoma kabisa bado anakuvuta nguo umsomee. Ila tulifika mapema mlango ndio unafunguliwa, tukapata kama saa nzima bila msongamano, hilo nashukuru.

Kosa letu lilikuwa kukimbilia papa. Wa kiume alishawataja tangu kwenye gari basi tukapita matangi madogo yote bila hata kugeuka. Lile handaki la kioo zuri kwa kweli, samaki aitwaye taa anakupitia juu ya kichwa unaona tumbo jeupe na mdomo wake uko huko huko chini, lakini baada ya dakika kumi mtoto keshachoka. Papa mmoja alikuwa amelala chini hatikisiki, mwanangu akaanza kulia eti amekufa. Dada mmoja anayefanya kazi pale akachuchumaa akamwambia wapo papa ambao lazima waogelee ndio wapumue, na wapo kama huyu wanaojilalia tu na kuvuta maji wenyewe yapite kwenye matamvua ya kupumulia. Mtoto akatulia, akamuaga papa tukaondoka.

Raha yenyewe ilikuwa kwenye bwawa la kugusa. Mnanawa kwanza kwa maji matupu bila sabuni, pete mnavua, unagusa kwa vidole viwili taratibu na kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, humtoi nje ya maji. Wa kike alipomgeuza akaona vile vimiguu vidogo vidogo chini ya mikono yake vinatembea, akaambiwa huyu hana ubongo wala damu, maji ya bahari ndiyo yanamsukumia hiyo miguu. Alikaa pale nadhani nusu saa, na mimi sikumharakisha.

Mama mkwe miguu inamsumbua, yeye akakaa kwenye benchi mbele ya konyeza, wale viumbe laini kama jeli, akagoma kuondoka. Tangi lao halina kona, maji yanazungushwa polepole yawabebe, kwa sababu konyeza akikwama kwenye kona anaumia. Hana moyo, hana ubongo, hana mfupa hata mmoja, na bibi alikuwa anawaangalia kimya kabisa. Kama una mzazi mtu mzima muulize mapema mabenchi yako wapi, hilo ni la muhimu kuliko ramani yote. Na flashi ya simu zimeni jamani, kuna watu walikuwa wanawamulika viumbe machoni na tangazo liko pale pale, iliniuma.

Sasa pweza. Tulipita mara ya kwanza tukaona mawe tu. Mara ya pili mawe. Binti yangu alikuwa amekuja kwa ajili yake, keshasoma ana mioyo mitatu na damu ya bluu, nikaona uso unaanza kubadilika. Nikamuuliza yule dada, akasema huyu anapenda kujificha mchana, rudini karibu na muda wa kumlisha. Tukarudi mara ya tatu. Wakamshushia chupa ina kamba wa baharini ndani, chakula chake, na mfuniko umefungwa, tukasubiri, kitu tulichodhani ni jiwe kikageuka rangi kikawa chekundu kikashuka. Akaifunika chupa yote kwa mikono, huoni anachofanya, kisha mfuniko ukaanguka taratibu mpaka chini kwenye mchanga. Binti yangu hakusema neno, kiganja chake kilikuwa kwenye kioo, na upande wa pili mkono mmoja wa pweza ukaja ukabandika vikombe vyake vya kunatia pale pale.