Okidi ya chui: mmea mzuri, udongo mbaya

Kitalu ninachokieleza hapa ni kidogo, kipo nje kidogo ya Mji wa Unguja, na wengi hukiendea kwa miche ya ndimu, mishokishoki na mayasimini. Mimi nilikiendea kwa okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, na baada ya kukaa nayo kwa vuli mbili naona ninaweza kukisema kitalu hicho kwa haki.

Mmea huu hauna shughuli na udongo. Maskani yake ni juu ya miti mikubwa, kuanzia Afrika Magharibi hadi pwani yetu na kushuka mpaka Afrika Kusini, wala haunyonyi mti uliouchukua. Ni mpangaji asiyekula kwa mwenye nyumba. Una mizizi minene inayoshika gome, na mingine myembamba inayosimama wima kama sindano, ikafanya kiota cha kunasa majani makavu, ambayo yakioza huwa ndiyo chakula chake. Mzungu Lindley, mtaalamu wa mimea, aliupa jina hilo la Ansellia mwaka 1844 kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani aliyeuokota katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa huitwa Bioko, huko Guinea ya Ikweta.

Sasa, mmea wa namna hiyo niliuziwa kwa shilingi 25,000 ukiwa ndani ya mfuko mweusi uliojazwa udongo wa shamba mpaka juu! Mzee muuzaji akaniusia, "Mwanangu, maji asubuhi na jioni, usiusahau." Sikuusahau, na hilo ndilo kosa langu. Baada ya wiki tatu shina moja, ambalo hufanana na muwa mwembamba, lilikuwa laini na la rangi ya chai. Nilipouchomoa mmea nikaona mizizi imeoza kiasi kwamba ukiuminya mmoja ngozi inavuka yote na kubaki uzi mkononi.

Niliurudisha, na hapa mzee ninamsifu: hakubisha. Alichukua kisu, akakipitisha motoni, akagawa kichaka kikubwa cha okidi hiyo kilichokuwa kikining'inia karibu na kisima chake, akanipa kipande chenye miwa minne bila ya kudai hata senti. Hicho nilikipanda kwa njia yangu, katika kikapu cha waya chenye vipande vya makumbi ya nazi, mkaa na vigae vya chungu. Makumbi niliyaroweka siku kadhaa nikibadilisha maji, na sikutumia yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba, kwa kuwa yana chumvi. Kikapu nimekitundika pembeni mwa mwembe, mahali panapopata jua la asubuhi. Masika mvua hukinywesha yenyewe. Kiangazi, miwa mipya ikishakomaa, humwagia mara moja kwa wiki tu, na ile mikongwe iliyopukutika majani siikati, kwani ndiyo akiba ya maji ya mmea.

Vuli iliyopita ulitoa mkono mmoja wenye maua 23, ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, na harufu yake inafika barazani. Jirani yangu aliyanyooshea kidole akauliza kama ni ya plastiki.

Kinachonizuia kukisifu kitalu moja kwa moja ni jambo jengine. Katika safu ya mbele nilikuta okidi tatu ambazo mizizi yake ilikuwa bado imekumbatia maganda ya mti, mengine yakiwa na ukungu wa kijani. Nilipouliza imetoka wapi, nikajibiwa, "Inaletwa na watu." Mimea hiyo imebanduliwa porini. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila ya msaada wa kuvu, kwa hiyo kilichong'olewa hakirudi upesi. Okidi hii iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya kimataifa ya mimea inayokabiliwa na hatari ya kutoweka, na biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Ukienda, basi, ipite safu ya mbele na umwombe mzee akukatie kile cha kisimani, ukiwa umebeba kikapu na makumbi yako mwenyewe.