Fundi wa seva wa Area C, Dodoma: makini, ila hachungi saa

Umeme ulipokatika na kurudi, seva ya ofisi yetu iliwaka, lakini tovuti na barua pepe vilibaki kimya. Fundi tuliyemwita alichelewa saa mbili; hata hivyo hakukimbilia kusakinisha upya kama wengi wafanyavyo, bali alisoma kwanza kumbukumbu za mfumo, akatuonyesha kwamba Nginx, programu ya kuendesha tovuti tuliyoijaribu zamani na kuisahau, ilikuwa ikitangulia kuwaka na kushika poti namba 80, mlango wa mtandao ambao Apache, programu inayoendesha tovuti yetu, iliuhitaji. Postfix, programu ya barua pepe, haikuwa na hitilafu yoyote: ila haikuwa imeamriwa kujiwasha pamoja na mashine. Aliiondoa Nginx, akatoa amri ya systemctl enable ili Postfix ijiwashe kila mashine inapowaka, kisha, jambo lililonivutia zaidi, akaizima na kuiwasha seva mbele yetu ili kuthibitisha. Risiti tuliidai mara mbili.