Mbegu ya nyanya yenye herufi N: ya kusi sawa, ya kaskazi hapana

Niliinunua kwenye agroveti moja karibu na soko la Kongowea, kwa bei inayokaribia maradufu ya mbegu ya kawaida. Kijana wa dukani akanigeuzia pakiti: "Ami, iangalie hiyo N. Minyoo fundo haiiwezi hii." Ni kweli, lakini hakumaliza maelezo.

Wenye bustani Kisauni wanaujua ugonjwa wa minyoo hiyo. Mnyanya hunyauka mchana ilhali umemwagiwa maji asubuhi; ukiung'oa, mizizi imevimba kama tangawizi. Mnyoo mchanga, usioonekana kwa macho, huingia karibu na ncha ya mzizi, hupenya baina ya seli hadi kwenye mishipa, kisha hudunga protini kwa sindano iliyo mdomoni mwake. Baadhi ya protini hizo hufifisha kinga ya mmea. Nyingine huzifanya seli chache zigawe viini tena na tena bila zenyewe kugawanyika, zikawa majitu ya kumlisha. Jike halitoki tena hapo: hunyonya na kutaga mayai kwa mamia. Ujeuri wa mgeni huyo!

Mbegu za N kwa kawaida hubeba jeni ya Mi, iliyotolewa kwenye nyanya mwitu ya Peru miaka ya 1940. Mmea wenye jeni hiyo humtambua mnyoo, ukaziua seli zake wenyewe zilizo karibu na kichwa chake, naye akakosa chakula. Niliyoipanda wakati wa kusi ilizaa sana, na mizizi nilipoiosha ilikuwa myembamba, myeupe, haina kinundu cha kutaja.

Ya kaskazi ilivimba. Jeni ya Mi hulegea udongo ukizidi nyuzi 28 hivi, na mchanga wetu mwezi wa pili haukanyagiki bila viatu. Pakiti haina hata mstari mmoja juu ya joto. Inauzwa Mombasa vile vile inavyouzwa bara. Hapo ndipo waliponiudhi, maana mteja wa pwani ndiye anayehitaji kuambiwa.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiinunua, isie baada ya mvua za masika, funika udongo kwa nyasi kavu, na usiipande palipotoka bilingani au mabamia, kwani nayo hufuga minyoo hiyo hiyo. Kaskazi ikirudi, mimi nitapanda nyanya kwenye ndoo za udongo mpya, kivulini, na mbegu ya bei rahisi.