Sufuria ya presha kwa jiko la Tabora: anza na mpira wa mfuniko

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wa Ipuli, Isevya, Nzega na hata Urambo yanafanana mno kiasi kwamba siwezi tena kuyajibu moja moja. Mtu amechoka kununua mkaa, amejinyima akanunua sufuria ya presha, na kwa miezi ya mwanzo amefurahi kweli kwa sababu maharage yanaiva kabla moto haujafifia. Kisha siku moja mvuke unaanza kutoka pembeni mwa mfuniko, filimbi hailii tena, maji yanakauka, na chakula kinachukua muda uleule wa sufuria ya kawaida. Akirudi dukani anaambiwa sufuria imekufa, anunue nyingine. Sufuria haijafa. Kilichokwisha ni mpira wa mfuniko, na muuzaji hana mpira wa kumpa.

Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu sitazungumzia rangi, wala kung'aa, wala uzuri wa vishikio, ambavyo kila mnunuzi anaweza kuvitazama kwa macho yake mwenyewe. Nimezipanga sufuria hizi kwa swali moja tu ambalo karibu hakuna anayeliuliza anapotoa fedha: mpira wake ukichoka, nitaupata wapi, na je, utakuwa wake halisi?

Faida ya presha kwetu sisi ni kubwa kuliko kwa watu wa pwani, na sababu yake ni mwinuko. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Ukiongeza kuni au mkaa chini ya sufuria ya wazi, maji hayawi ya moto zaidi ya hapo. Yanakauka haraka tu, nawe unaendelea kuchoma fedha. Ndiyo maana maharage makavu kutoka Kigoma, makande, kwato na hasa njugu mawe hukaa motoni nusu siku. Sufuria ya presha huzuia mvuke, shinikizo linapanda, na joto la maji ndani yake hufika takriban nyuzijoto 120. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huhitaji takriban robo saa baada ya filimbi ya kwanza, na kwa muda huo moto unatakiwa kupunguzwa kwa kufunga mlango wa chini wa jiko au kutoa makaa machache, kwa kuwa shinikizo likishafika halihitaji moto mkali.

Hayo yote yanategemea mpira. Ule mduara wa mpira unaokaa kati ya mfuniko na mdomo wa sufuria ndio unaoziba njia ya mvuke, nao huchoka kwa joto, kwa mafuta na kwa kubanwa muda mrefu: unakuwa mgumu, unalegea au unapata nyufa ndogo ambazo hazionekani mpaka uukunje. Ukishachoka, shinikizo halipandi kikamilifu. Hasara hiyo haionekani kwa urahisi, kwa maana chakula hatimaye kinaiva, na mwenye nyumba anaweza kukaa mwezi mzima akidhani anabana matumizi ilhali gunia la mkaa linaisha kama zamani.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba ujazo wa sufuria hauamui ukubwa wa mpira. Sufuria mbili za lita 5, kila moja ikiwa na jina lake, zinaweza kuwa na midomo ya upana tofauti, na mpira wa moja usiingie kabisa katika nyingine au uingie na kuvuja. Anayekuambia "mama, mpira wowote unaingia" ama hajui anachouza au anajua na hajali.

Nafasi ya kwanza naipa Hawkins ya aluminiamu ya lita 5, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ni kampuni ya India iliyoanzishwa mwaka 1959, na umbo la sufuria zake nyingi ni la pekee: mfuniko huingizwa ndani ya mdomo na kufungwa kwa kutokea ndani, hivyo shinikizo lenyewe ndilo linalousukuma mfuniko ujibane. Maadamu mvuke una nguvu, mfuniko haufunguki, na hilo ni jambo kubwa katika nyumba yenye watoto. Kwa suala langu la mpira, umbo hilo lina faida nyingine. Mpira unakaa juu ya mfuniko ulio ndani ya mdomo, kwa hiyo ndimi za moto wa mkaa zinazopanda pembeni mwa sufuria haziufikii kwa urahisi, na kwa uzoefu wangu hudumu zaidi kuliko ule ulio kwenye ukingo wa nje. Muhimu kuliko yote, mpira wake huuzwa peke yake, katika pakiti yenye jina la kampuni na ukubwa wa sufuria unayoifaa. Bei ya sufuria yenyewe iko juu, na wapo watakaoona ni anasa. Mimi naona ni afadhali kulipa zaidi mara moja kwa kitu ambacho kipuri chake kinajulikana kwa jina. Familia ya watu wanne hadi sita inatoshwa na lita 5, kwani chombo hiki hakijazwi: maharage na nafaka zisizidi nusu, na vyakula vingine visizidi theluthi mbili, la sivyo povu huziba njia ya mvuke.

Nafasi ya pili naipa presha ya umeme ya lita 6, na hapa hesabu yenyewe inashawishi. Nyingi za ukubwa huo zina nguvu ya wati 1,000, lakini hazivuti umeme muda wote. Zikishafikia shinikizo hujizima na kuwaka zenyewe, hivyo chungu cha maharage kinaweza kuiva kwa nusu uniti au pungufu. Mteja wa TANESCO aliye katika daraja la D1, yaani yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo inakuwa kama 122. Kwake nusu uniti ni shilingi 61. Aliye katika T1, yaani daraja la wanaozidi hapo, hulipa takriban 356 kwa uniti, na nusu uniti inamgharimu kama shilingi 178. Kwa bei zote mbili, hakuna kopo la mkaa Tabora litakalopika maharage hayo kwa fedha hiyo. Anayetumia D1 ahesabu kwanza, hata hivyo, kwa sababu akianza kupika kila kitu kwa umeme akavuka uniti 75, huhamishiwa T1, na hapo hata taa, pasi na friji vitamgharimu karibu mara tatu ya alivyozoea.

Kwa nini basi sikuipa nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya mpira huohuo. Presha za umeme zinazofika katika maduka yetu zina majina mengi, mengine hayaonekani tena baada ya shehena moja kuisha, na mpira wake wa silikoni, ingawa huvumilia joto vizuri, lazima uwe wa kipimo na umbo lilelile. Mwenye presha ya umeme isiyo na mpira hana hata sufuria ya kuinjika mkaani, kwa maana chungu chake cha ndani hakikutengenezwa kwa moto wa wazi. Akinunua, achague jina ambalo muuzaji anaweza kumwonyesha mpira wake wa akiba siku hiyohiyo, auweke kabatini kabla hata hajapika mara ya kwanza. Aliyefanikiwa katika hilo, na akawa ndani ya D1, sina hoja ya kumzuia kuiweka juu ya chaguo langu.

Prestige inafuata. Nayo ni ya India, ni imara, na mafundi wengi wanaifahamu. Nyingi hufungwa kwa mfuniko wa nje, na ukingoni mwa mfuniko kuna tundu ambalo mpira husukumwa utokeze humo na kuachia mvuke iwapo shinikizo litapita kiasi na njia nyingine zikiziba. Ulinzi huo ni mzuri, lakini unategemea ulaini wa mpira halisi. Ukiweka mpira wa kubahatisha ulio mgumu kuliko unaotakiwa, umeondoa kinga moja ya usalama bila kujua. Nimeishusha kwa sababu hiyo tu.

Sufuria nyepesi zisizo na jina, zinazopangwa juu ya turubai sokoni, ni za bei ndogo na sizipendekezi, kwa kuwa mpira wake hauna kipimo kilichoandikwa popote.

Utunzaji nao una sehemu yake. Mpira uvuliwe baada ya kila mpiko, uoshwe kwa sabuni na maji, ukaushwe kivulini na kuhifadhiwa ukiwa umelala, nao mfuniko usifungwe sufuria inapokuwa kabatini. Wale wanaotia magadi ili maharage yalainike wajue kwamba magadi hula aluminiamu na kuifanya iwe nyeusi. Ndani ya presha hayahitajiki hata kidogo. Na kamwe msikubali mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gari. Haukutengenezwa kwa chakula, na mvuke utauchakaza upesi.

Sasa nirudi kwa wauzaji, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Maduka yanaleta makatoni ya sufuria kutoka Kariakoo kwa basi na kwa lori, lakini hayaleti pakiti hata moja ya mipira, ambayo ingeingia katika mkoba wa mkononi. Mengine yameifunga boksi kwa gundi na hayakubali ifunguliwe kabla ya malipo, eti mteja atachafua mzigo. Duka moja mjini nililoliuliza mpira lilinitajia bei inayokaribia nusu ya sufuria mpya, na nilipouliza sababu nikajibiwa kwamba ni adimu. Ni adimu kwa sababu wao wenyewe hawauagizi! Mama anayepika kwa ajili ya watu saba, na ambaye amekusanya fedha za sufuria hiyo kidogo kidogo kwa kuuza karanga, anastahili kuheshimiwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mnapokwenda kununua, fanyeni hivi bila kuona haya. Ombeni boksi lifunguliwe, mvue mpira, muukunje kwa vidole kuzunguka mduara wote na kutazama kama una ufa au mshono ulioungwa kwa gundi. Ulizeni mpira wa akiba uko wapi, nao uletwe mezani ujaribiwe kwenye mfuniko uleule. Daini risiti ya EFD yenye jina la sufuria na ujazo wake, kwani mkiuziwa bandia yenye jina la kampuni nyingine, risiti hiyo ndiyo mtakayoipeleka Tume ya Ushindani. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, rudisheni boksi lake na mhamie duka la pili, na mkifika huko waambieni wazi kwamba mmeondoka kule kwa sababu ya mpira.