Nimepanda Hydra, pantoni la haidrojeni kule Norwei

Sisi tuliokulia Kigamboni pantoni tunalijua kwa masikio kabla ya macho, injini inanguruma, chuma kinatetemeka mpaka kwenye nyayo, na ile harufu ya dizeli unarudi nayo nyumbani kwenye nguo. Ndo maana nilivyoenda kumtembelea dada Stavanger nikamwomba shemeji tupitie Hjelmeland makusudi, tuvuke na MF Hydra. Aisee, nimefurahi mno.

Kwanza si boti ya maonyesho, ina mita 82, inabeba watu 300 na magari 80. Nikashuka garini nikaenda kusimama nje, nikaweka kiganja kwenye reli kusubiri ule mtetemo tunapotoka gatini, nikausikia kwa mbali tu, kilichojaa masikioni ni maji yanapasuliwa ubavuni na mtoto anamuuliza mama yake kitu deki ya juu. Na hewa ni hewa, hakuna moshi!

Tangi lenyewe liko juu kabisa, mita za ujazo 80, ndani kuna haidrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Wameliweka huko kwa sababu haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa juu badala ya kujikusanya wanakokaa abiria. Inapashwa iwe gesi, inaingia kwenye seli mbili za mafuta (fuel cells, mitambo inayogeuza haidrojeni kuwa umeme) za kilowati 200 kila moja, inakutana na oksijeni, haichomwi, unatoka umeme na joto na maji basi, na umeme huo unasaidiana na betri kusukuma meli.

Sasa kinachoniumiza. Ilipoanza kutembea na haidrojeni mwaka 2023 haidrojeni yenyewe ilikuwa inaletwa na malori kutoka Leuna, Ujerumani, yaani meli safi imefungwa kwenye mnyororo wa malori. Tena safari yenyewe ni fupi, pantoni mwenzake MF Nesvik kwenye njia hiyohiyo anatumia betri na anavuka vizuri tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu Kigamboni au Likoni nitamwambia betri, haidrojeni hapana, tusibebe gharama ya tangi la baridi kali kwa safari ya dakika chache.

Ila kwa meli kubwa za safari ndefu hapo nabadilika, betri ya kukupeleka siku kadhaa baharini itakuwa nzito kupita kiasi, na huko ndiko seli hizi zinakohitajika. Viking Libra inayoundwa Ancona, Italia, ya abiria 998, imepangiwa seli za megawati 6, mara 15 ya za Hydra. Shida yao itakuwa nafasi, maana haidrojeni ya kimiminika inakula kama mara nne ya ujazo wa dizeli kwa nguvu ileile, na kila tangi ni vyumba vya abiria vimeondoka.

Mkiwa Stavanger nendeni, ila angalieni ni pantoni gani liko zamu msije mkapanda la betri mkadhani ndo lenyewe. Nyota 4. Ya tano naitunza mpaka tangi lile lijazwe haidrojeni iliyotengenezwa hapohapo Norwei kwa umeme wa maporomoko yao.