Majivu ya Rafiki Kwenye Begi: Nimeisoma Ostrich Boys Nikielekea Kigoma

Haya wadau, habari za saa hizi. Leo niko nje, chini ya mwembe hapa hapa Tabora, kwa hiyo bodaboda zikipita mnisamehe.

Kitabu chenyewe hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye kamera. Ostrich Boys, riwaya ya Keith Gray, ilitoka 2008. Hii yangu ni ya mtumba, nimeipata kwa elfu tano, na mnaona gundi ya mgongoni ilivyoachia? Kurasa za katikati nimezishika na kibanio cha nywele cha mke wangu. Bado anakitafuta.

Kisa kiko hivi. Kuna vijana watatu, Blake, Kenny na Sim. Blake ndiye msimuliaji. Mwenzao wa nne, Ross, amefariki, kagongwa na gari akiwa kwenye baiskeli. Wanahudhuria mazishi, wanasikiliza watu wakimsifu marehemu, na kila wakisikiliza wanaona anayesifiwa si Ross wao. Basi wanaiba majivu yake. Ndiyo, majivu, maana huko mwili ulichomwa. Wanatia chombo kwenye begi la mgongoni, safari inaanza: kutoka Cleethorpes, mji wa pwani huko Uingereza, mpaka sehemu ya Scotland inayoitwa Ross. Wanataka Ross afike Ross.

Najua kuna mama mdogo huko ameshasema "astaghfirullah". Hata mimi nilishtuka. Lakini mtu wa Tabora ukitulia utakumbuka Kwihara, lile tembe alilokaa Livingstone. Alipofia Chitambo, Zambia ya leo, 1873, watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Miezi tisa njiani! Walipofika hapa kwetu wakamkuta msafiri Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Sasa niambie, marehemu ni wa nani? Wa watu wa kwao, au wa waliotembea naye? Swali hilo ndilo lililonishika kwenye kitabu hiki kuliko vituko vyote vya njiani.

Na vituko vipo. Nimekisoma kwenye treni ya Kigoma, daraja la tatu. Ni kilomita 400 na kitu, karibu sawa na safari ya akina Blake. Mpaka Kaliua nilikuwa nacheka peke yangu, dada wa kiti cha mbele ananiangalia kwa wasiwasi. Vijana hawa hawashiki kitu kisiharibike, na wakiharibu wanachambana bila huruma. Kuna watu wanasema kichekesho na msiba haviendi pamoja. Hao hawajawahi kumwona mtani akifika msibani kwetu, akadai alipwe deni lake na marehemu ndipo jeneza litoke.

Baada ya Uvinza sikucheka tena. Ostrich ni mbuni, yule ndege anayesemwa kwamba akiona hatari anafukia kichwa mchangani. Mbuni wa kweli hafanyi hivyo. Vijana hawa wanafanya. Kumbe kila mmoja ana jambo alilomtendea Ross na hataki litajwe, na ndiyo maana walikuwa wepesi wa kuwalaumu wengine. Sitawamalizia uhondo, ila lazima niseme hili: kitabu kinagusa suala la kujiua. Kama una kijana aliyefiwa karibuni, kisome wewe kwanza.

Kasoro? Kile kipande cha wasichana wanaokutana nao njiani kimenichosha. Wasichana wenyewe hata hawajachongwa vizuri, wapo ili safari isogee. Na Kiingereza chake ni cha mtaani kwao, kuna utani niliurudia mara tatu ndipo nikaupata. Kidato cha nne anayependa kusoma atakimudu, wa chini yake atahitaji mtu wa pembeni.

Mbona nimekipa muda wote huu? Nilisoma bweni hapa hapa mjini. Kidato cha tatu mwenzetu mmoja alikwenda likizo kwao Ujiji, malaria ikamchukua. Shule haikuturuhusu kwenda kuzika, tukaambiwa tuna mitihani. Ndoo yake ilibaki chini ya kitanda, jina kaliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi ya mwisho imebanana kwa kukosa nafasi. Mimi ndiye niliyenuniana naye wiki ya kufunga shule, kwa sababu ya ndoo hiyo hiyo. Niliichukua bila kumwomba.

Tulipomaliza kidato cha nne tukapanda treni watu watatu, tukaipeleka. Usiku kucha tulipangiana nani atasema nini. Nilikuwa nimeamua kusema lile la kununiana. Tulipofika mlangoni hakuna aliyefungua mdomo. Mama yake akaipokea, akapitisha kidole juu ya lile jina, herufi moja moja. Kisha akaisuuza, akatuchotea maji ya kuoga.