TAHADHARI: Huyu "bingwa wa magari ya kale" hatafuti kazi, anatafuta spea zako

Wenye magari ya kale, hasa nyie wa Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 na 1960, someni hii kabla hamjampa mtu ufunguo. Mimi nimeshaingizwa mjini, tena nikiwa najiona mjanja.

Gari langu ni Beetle ya 1965, nimerithi kwa marehemu baba. Pikapu ilirudi nyuma kwenye maegesho ikanigonga mbele kushoto, mwendo wa mtu anayetembea. Madigadi ikabonyea eneo la ukubwa wa sahani, ringi ya taa ikapinda, bampa likasogea ndani kidogo. Taa yenyewe iliendelea kuwaka. Mwenye pikapu alikuwa muungwana, bima yake ikakubali kulipa, hatukugombana. Ningelipeleka kwa mzee yeyote anayejua kugonga bati kwa nyundo na chuma cha kukinga nyuma yake, leo nisingekuwa naandika haya.

Nikaingia mtandaoni kutafuta "mtaalamu". Nikampata mmoja mwenye ukurasa umejaa picha za magari yanayong'aa, maneno matamu, wateja wanamshukuru. Baadaye sana ndiyo nikaja kugundua kuwa baadhi ya picha zile ni za watu wengine kabisa, kazikata tu pembeni ili jina la mwenye nazo lisionekane. Nilipofika gereji kwake akazunguka gari mara mbili, akapiga kimya, halafu akatikisa kichwa kama daktari. "Bosi, hii madigadi imekufa. Bati la zamani likishabonyea halinyooki, linapasuka. Na taa imeingia ufa ndani, huwezi kuuona kwa macho."

Hapo ndipo mtego ulipo. Ni uongo. Bati la Beetle za kiwandani ni nene na linanyooka vizuri kuliko mengi ya magari ya siku hizi. Na madigadi za Beetle hazikuchomelewa kwenye bodi, zinafungwa kwa bolti, kwa hiyo fundi anaweza kuitoa, akaigongea mezani nje na ndani mpaka ikarudi. Kubonyea kwa ukubwa wa sahani si ugonjwa wa kuua madigadi. Ila mimi nilikuwa na uchungu wa gari la baba, nikaambiwa imekufa, nikaamini. Nikatoa nusu ya malipo, nikaacha gari.

Kilichofuata ni kalenda. Njoo Jumatatu. Rangi haijakauka. Fundi wa umeme kafiwa. Nilipigwa kalenda wiki saba kwa kazi ya siku nne.

Siku ya kuchukua, aliniita saa moja jioni, giza linaingia, gari limeoshwa na kupigwa polishi. (Atakayekuita uchukue gari jioni, mwambie utakuja asubuhi.) Nikalipa iliyobaki, nikaondoka nafurahi. Sikwenda mbali. Barabara ilipokosa taa nikaona upande wa kulia unamulika na upande wa kushoto unapepesa kama kibatari. Nikadhani waya umelegea. Nyumbani nikafungua ringi, nikachomoa balbu, nikaisoma kwenye kitako: volti 12.

Wenye gari hizi mmeshaelewa. Beetle ya 1965 inatumia umeme wa volti 6. Balbu ya volti 12 ukiifunga humo itawaka, lakini haitoi hata robo ya mwanga wake. Yaani taa yangu, ile aliyosema ina ufa, iliondoka nzima nzima, ikafungwa ya kuiga yenye balbu ambayo hata haifanani na gari.

Asubuhi nikachukua sumaku ya kwenye friji, nikaifunga kitambaa chembamba isikwaruze rangi, nikaanza kupitisha: sumaku hushika bati la chuma, haishiki puti, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi. Madigadi mpya iliishika, lakini ukiigonga kwa kidole inalia kama debe. Bati jepesi la kuiga. Matundu ya bolti hayakulingana na ya bodi, wakayachonga kwa tupa mpaka yakawa marefu kama kope. Kile kimkanda kinachokaa kati ya madigadi na bodi hakipo, wamejaza puti kwenye mfereji wakapaka rangi juu. Gari likitikisika puti hiyo lazima ipasuke, maji yaingie, kutu ianze kula bodi yenyewe ambayo haikuguswa na ajali. Nikasogea nyuma ya madigadi, karibu na mlango, mahali ambapo pikapu haikufika kabisa. Sumaku ikadondoka. Nikairudisha, ikadondoka tena. Walibonyeza pale wenyewe wakilazimisha madigadi ikae, wakafunika kwa puti nene. Puti ni ya kusawazisha milimita chache za juu baada ya bati kunyooshwa, si ya kuziba shimo.

Rangi sitasema sana. Gari zima lina rangi ya zamani isiyo na klia (vanishi angavu ya juu), ile yenye mng'ao mtulivu, na upande mmoja unang'aa kama kioo cha saluni.

Lililonitisha kuliko yote ni nilipofungua boneti. Kikono kinachoshikilia bampa kimechomelewa, na matone ya moto yametapakaa hadi ndani, kwenye chumba hichohicho chenye tangi la petroli. Beetle injini iko nyuma, tangi liko mbele. Ukiona mtu anataka kuchomelea mbele ya gari hili bila kushusha tangi, chukua ufunguo wako uondoke.

Nilimpigia. Nikaomba spea zangu za zamani. Akasema zimetupwa kwa wauza chuma chakavu. Sawa. Siku kumi baadaye rafiki yangu ananitumia tangazo: "Madigadi ya Beetle, kushoto, asili ya kiwandani, imebonyea kidogo, inanyooka kirahisi. Na taa yake kamili, volti 6, nzima." Imebonyea kidogo, inanyooka kirahisi! Kwenye picha ya tatu madigadi imegeuzwa, na ndani kuna kiraka cha rangi ya kijani ambacho baba alipaka mwenyewe kwa brashi kuzuia kutu, na chini yake herufi ya kwanza ya jina lake aliyoikwaruza kwa msumari. Rafiki akajifanya mnunuzi. Namba iliyopokea ni ya fundi.

Kwa hiyo mnielewe: pesa ya matengenezo kwake ni nyongeza tu. Biashara yake ni kukuambia kitu chako kimekufa. Kabla hujaacha gari piga picha kila kipande, nje na ndani, weka alama mahali pasipoonekana, na kwenye makubaliano iandikwe kuwa kila kitakachotolewa unakabidhiwa mkononi, hata kama ni takataka. Mimi sikuandikiana naye chochote zaidi ya risiti ya malipo ya awali, na polisi ndicho kitu cha kwanza waliniuliza. Kilichoniokoa kidogo ni picha za zamani za baba akiwa anapaka ile kijani.

Jina lake siandiki kwa sababu shauri liko polisi, na ukurasa wake ameshaubadilisha jina mara moja. Tangazo nalo limeondolewa tangu juzi, sijui kama ameuza au kaficha. Ukiletewa madigadi ya mbele kushoto ya Beetle, ndani ina kiraka cha kijani cha brashi na herufi iliyokwaruzwa kwa msumari, usilipe. Nitumie ujumbe kwanza.